Aliyerudi na Asiyerudi: Kitabu cha Moody Mikononi mwa Mfiwa

Kitabu cha Mmarekani Raymond Moody, Life After Life, kilichotoka mwaka 1975, kimebishaniwa hasa na watu wa aina mbili. Wako wanatheolojia na wahubiri, ambao huuliza kama yaliyomo yanapatana na Maandiko. Wako madaktari na wataalamu wa ubongo, ambao huuliza kama yaliyomo yaweza kuelezwa kwa upungufu wa hewa katika damu, kwa dawa za usingizi, au kwa hali ya ubongo unaoelekea kuzimika. Kundi la tatu halisikiki katika mabishano hayo, nalo ndilo linalokisoma kwa kiu kubwa zaidi: wafiwa. Mtu amezika mke, au mume, au mtoto. Wageni wamekwisha kuondoka na viti vya kukodi vimerudishwa. Rafiki mmoja, kwa wema wake, anamletea kitabu chenye jalada lililochakaa na kumwambia: «Soma hiki, kitakusaidia.» Katika miji ya Kongo kitabu chenyewe hufika kwa Kifaransa, kwa jina La Vie après la vie, tafsiri iliyotoka mwaka 1977, na hupita mkono kwa mkono kama dawa ya nyumbani.

Makala haya hayaulizi kama walioshuhudia katika kitabu hicho waliona kweli au waliota. Swali lake ni dogo zaidi, tena ni la kifasihi na la kiisimu: kitabu hiki kinasema na nani, na mfiwa anapokisoma anajiweka wapi katika sentensi zake? Swali hilo si la anasa. Mtu anayesoma katika siku za msiba husoma kwa namna nyingine kabisa na yule anayesoma kwa udadisi. Neno moja laweza kumlaza usingizi, na neno moja laweza kumkesha.

Kwanza kitabu chenyewe. Moody alikuwa amepata udaktari wa falsafa kabla ya kusomea udaktari wa tiba, na athari ya elimu ile ya kwanza inaonekana katika uandishi wake: anagawa, anafasili, anaweka mipaka. Alipokuwa mwanafunzi, katika mwaka 1965, alisikia habari za George Ritchie, daktari wa magonjwa ya akili, ambaye mwaka 1943, akiwa askari kijana katika kambi moja ya Texas, alitangazwa kuwa amekufa kwa nimonia, kisha akafufuka. Tangu hapo Moody alianza kukusanya masimulizi ya namna hiyo, hata yakafika kama 150. Kutokana nayo alichambua mambo yapatayo kumi na matano yanayorudiarudia: mtu anasikia wengine wakisema kwamba amekufa, anapata utulivu, anasikia mvumo, anapita mahali penye giza kama handaki, anauona mwili wake kwa mbali, anapokelewa na jamaa waliotangulia, anakutana na nuru iliyo kama nafsi hai, anaonyeshwa maisha yake, anafika penye mpaka, anarudi.

Kisha Moody anafanya jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua mara moja. Anaunganisha mambo hayo yote na kutunga simulizi moja kamili, yenye mwanzo, kati na mwisho. Yeye mwenyewe anasema waziwazi kwamba hakuna masimulizi mawili yaliyolingana kabisa, na kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyesimulia mambo yote kumi na matano. Kwa maneno mengine, simulizi lile kamili halikusimuliwa na yeyote. Limefanyika kama vile mkusanyaji wa hadithi anavyochukua matoleo ishirini ya hadithi ya sungura kutoka vijiji ishirini, akaandika toleo la ishirini na moja ambalo hakuna bibi hata mmoja aliyelitamka mbele ya moto. Kazi hiyo si udanganyifu, maana mwandishi ametoa tahadhari. Lakini tahadhari husahaulika na simulizi hukumbukwa. Muulize mtu aliyekisoma kitabu hicho miaka kumi iliyopita: atakusimulia handaki, nuru na jamaa waliokuja kupokea, kwa mfuatano uleule, kana kwamba amemsikia mtu mmoja akisema.

Jambo la pili limekaa katika aya chache za mwanzo, na msomaji wa kawaida huzipita haraka. Moody anasema kwamba ushuhuda aliopata ulikuwa wa aina tatu. Aina ya kwanza ni ya watu waliotangazwa na madaktari kuwa wamekufa, wakarudishiwa uhai. Ya pili ni ya watu waliokaribia sana kufa kwa ajali au ugonjwa. Ya tatu ni ya watu waliokuwa wanakufa kweli, wakasema waliyoyaona kwa wale waliokuwa kando ya kitanda, wakafa. Na hao waliobaki ndio waliomletea habari. Aina hiyo ya tatu, asema, inaafikiana vizuri na zile mbili, lakini kwa sehemu kubwa ameiacha, ili idadi ipungue na ili ashike masimulizi ya mtu mwenyewe aliyeyaona.

Kwa mtafiti, uamuzi huo una sababu njema. Habari ya kuambiwa si sawa na habari ya kuona. Kwa mfiwa, hata hivyo, uamuzi huo umemtoa yeye nje ya kitabu. Aina ya tatu ndiyo peke yake ambayo ndani yake mtu amekufa na hakurudi, na ndiyo peke yake ambayo msemaji wake ni aliyebaki. Katika kitabu chote kinachozungumza juu ya kifo, wanaosema ni wale ambao hawakufa, na aliyefiwa hana kiti.

Hapo lugha yenyewe inastahili kutazamwa. Kiswahili kina neno ambalo Kifaransa hakina. Mfaransa husema amempoteza mtu, au yuko katika msiba. Mswahili huchukua kitenzi kufa, akakitia katika kauli ya kutendea, kikawa kufia. Kisha akakigeuza katika kauli ya kutendwa, kikawa kufiwa. «Mama Fulani amefiwa na mumewe.» Anayekufa ni mume, lakini kiima cha sentensi ni mke. Kifo kimemtokea yeye. Katika Kiswahili cha Kongo, ambamo watu wengi hutamka kufwa, vitenzi hivyo viwili, cha anayekufa na cha anayebaki, vimetengwa na irabu moja tu. Sarufi imempa mfiwa mahali ambapo mtafiti wa Marekani hakuweza kumpa.

Basi mfiwa asiyekuwa na kiti hufanya nini? Hujitafutia. Ushuhuda katika kitabu cha Moody uko katika nafsi ya kwanza: nilisikia amani, sikuona maumivu, niliwaona waliotangulia. Mfiwa hasomi hivyo. Yeye, pasipo kujua, anabadilisha kiambishi: alisikia amani, hakuona maumivu, aliwaona waliotangulia. Katika Kifaransa badiliko hilo hudai uamuzi fulani, maana lazima uchague kati ya mwanamume na mwanamke. Katika Kiswahili halidai kitu. Kiambishi a- kinamchukua mwana na binti, mume na mke, mzee na mtoto wa siku saba. Mama anayesoma kwa Kifaransa maneno ya fundi Mmarekani aliyepata ajali, akayarudia moyoni mwake kwa Kiswahili, amekwisha kumweka mwanawe ndani ya sentensi, na hakuna kitu chochote katika sentensi kilichomzuia.

Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu hiki na hapo ndipo penye hatari yake. «Nilisikia amani» imesemwa na mtu aliyerudi. «Alisikia amani» inasemwa juu ya mtu ambaye hakurudi. Kati ya sentensi hizo mbili kuna hatua, na hatua hiyo haikupigwa na Moody bali na msomaji. Kitabu hakimruhusu; wala hakimkatazi.

Lakini kabla ya kumlaumu msomaji inafaa kujua anatafuta nini. Wahubiri na wanasayansi hudhani anatafuta jibu la swali kubwa, kama kuna uzima baada ya kufa. Mara nyingi sivyo. Mfiwa wa Kongo, awe Mkatoliki, Mmethodisti, Mkimbangu au Mwislamu, swali hilo amekwisha kujibiwa kanisani au msikitini tangu utoto wake, na anaweza kulijibu mwenyewe. Swali linalomwamsha saa tisa za usiku ni jingine: aliumia? Alijua kwamba anakufa? Aliniita? Alikuwa peke yake?

Maswali hayo yana mahali pake katika desturi. Katika matanga kuna usimulizi ambao hauna jina maalumu, ila kila mtu aliyekwenda kilio ameusikia. Mgeni anafika, anakaa, ananyamaza kwa kadiri ya heshima, kisha anauliza kwa sauti ya chini: «Ilikuwaje?» Na yule aliyemuuguza marehemu anaanza: siku ugonjwa ulipoanza, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, dawa iliyokosekana, maji aliyoomba, jina alilolitaja, saa yenyewe. Akimaliza, mgeni mwingine anaingia, na simulizi linaanza upya. Kwa siku tatu au nne litasimuliwa mara arobaini au hamsini. Mwanzoni limejaa vilio na mapengo. Siku ya mwisho limenyooka, lina maneno yake yaliyokwisha kukaa mahali pake, na watu wa nyumba hiyo wataendelea kulisimulia hivyohivyo kwa miaka. Fanani ni mmoja, hadhira inabadilika, na nafsi inayotawala ni ya tatu: alisema, aliomba, alitulia, alikata roho. Yule shahidi wa aina ya tatu, aliyeachwa na Moody, katika matanga ndiye msimulizi mkuu.

Usimulizi huo una sharti moja: lazima awepo aliyeona. Pale ambapo hakuna, unakatika. Watu waliopoteza jamaa zao njiani walipokuwa wanakimbia vita huko mashariki, watu ambao wana wao walifukiwa katika mashimo ya kuchimba madini, watu waliopigiwa simu na kuambiwa neno moja, hao mgeni anapowauliza «Ilikuwaje?» hawana la kusema baada ya sentensi ya kwanza. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, hali hiyo iliwafikia hata wale ambao hawakuizoea. Serikali ilikataza mikusanyiko ya matanga, na maiti zilitakiwa kutolewa morgi na kupelekwa moja kwa moja makaburini na watu wachache. Wagonjwa waliotengwa walikata roho pasipo ndugu kando yao. Familia zilibaki na tarehe, na cheti, na pengo.

Kitabu cha Moody kinaingia katika pengo hilo. Kwa mtu asiyekuwa na simulizi la matanga, kinatoa simulizi la kuazima. Ukikitazama hivyo utaelewa kwa nini wasomaji hao hurudia kurasa zilezile: kurasa za utulivu, za maumivu kukoma, za jamaa waliokuja kupokea. Hayo ndiyo majibu ya maswali ya saa tisa za usiku. Wala si haki kusema kwamba anayejifariji kwa namna hiyo anajidanganya. Watu waliofika karibu kabisa na mlango, wengi wao wakiwa na majeraha makubwa, wamesema kwamba pale penyewe hawakuumia. Kutumaini kwamba na yule aliyepita mlangoni hakuumia ni tumaini lenye msingi, ilimradi liitwe tumaini.

Taabu inaanza katika sura inayohusu kurudi, na hapo kitabu kinastahili kulaumiwa zaidi kuliko kilivyolaumiwa kwa handaki na nuru. Wahojiwa walipaswa kueleza kwa nini walirudi. Wengine walisema hawajui. Wengine walisema walirudishwa kwa sababu kazi yao ilikuwa haijaisha. Akina mama wenye watoto wadogo walisema kwamba kwa hiari yao wangalibaki kule, lakini walirudi kwa ajili ya kulea watoto. Wengine walisema walivutwa warudi kwa upendo au kwa sala za wale waliokuwa wakiwaombea. Moody anayaandika hayo kwa utulivu, kama mtu anayepanga vitu mezani, na hakuna dalili kwamba alimfikiria atakayeyasoma akiwa amefiwa.

Mfiwa aliyekuwa akibadilisha kiambishi kwa kurasa sitini hawezi kuacha ghafula. Anaendelea: alirudi kwa ajili ya watoto. Lakini hakurudi. Naye alikuwa na watoto, mdogo hajaanza shule. Je, hakuwapenda? Alivutwa na sala. Lakini nyumba nzima ilisali, kikundi cha maombi kilikesha siku tisa, na hakuvutwa. Je, sala zilikuwa pungufu? Kitabu kilichomfariji juu ya namna marehemu alivyokwenda sasa kinamshtaki marehemu kwa kutorudi, na kinamshtaki yeye kwa kutomwita vya kutosha. Si Moody aliyekusudia hayo. Yamezaliwa na jinsi alivyochagua wasimulizi wake.

Maana, kwa upande wa fani, jambo ni rahisi. Kila simulizi la aliyerudi linadai sababu ya kurudi, kama vile hadithi ya kijana aliyekwenda kwenye nchi ya mazimwi inavyodai njia ya kumleta nyumbani. Pasipo hiyo hadithi haifungiki. Msimulizi aliye hai anaangalia nyuma, anawaona watoto wake wamekua, naye anasema: nilirudi kwa ajili yao. Huenda ni kweli. Lakini simulizi la mama aliyefika penye mpaka uleule, akaomba kurudi kwa watoto wake kwa nguvu zake zote, asikubaliwe, simulizi hilo halimo katika kitabu cha Moody, wala halimo katika kitabu chochote, kwa kuwa halina msimulizi. Kutokuwamo kwake si ushahidi kwamba halikutokea. Mkusanyaji wa masimulizi ya aina hii angalipaswa kuliandika neno hilo moja mwanzoni mwa sura. Lingalichukua mistari mitatu.

Utafiti uliofuata ulisaidia kidogo, ingawa kwa njia kavu. Mwaka 2001 Mholanzi Pim van Lommel na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakarudishiwa uhai katika hospitali kumi za Uholanzi. Waliokumbuka jambo lolote la namna hii walikuwa 62, yaani asilimia 18. Waliosema walikutana na watu waliokwisha kufa walikuwa 20. Waliobaki 282 hawakukumbuka kitu. Kwa mtu anayetafuta uthibitisho hesabu hiyo ni ndogo. Kwa mfiwa ina faida nyingine: inaondoa kanuni. Simulizi kamili la Moody lilifanya ionekane kana kwamba hiyo ndiyo njia, na kila anayekufa hupita hapo. Hesabu ya Uholanzi inasema kwamba wengi hawakuwa na la kusimulia, wema na wabaya, waliopendwa na waliosahauliwa. Tena hao wote 344 ni waliorudi. Juu ya wasiorudi jarida halisemi neno, na halijifanyi kusema.

Unyenyekevu huo ulipotea katika vitabu vilivyokuja baadaye. Moody, pamoja na makosa yake, alitangaza kwamba hathibitishi kuwa kuna uzima baada ya kifo. Mwaka 2012 Eben Alexander, daktari wa upasuaji wa ubongo, alitoa kitabu juu ya siku alizokuwa hajitambui kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, na neno la kwanza la jina la kitabu hicho ni «uthibitisho». Miaka miwili kabla yake kilitoka The Boy Who Came Back from Heaven, habari za mtoto aliyeumia vibaya katika ajali ya gari akasema kwamba alikwenda mbinguni. Januari 2015 mtoto huyo, sasa kijana, aliandika barua ya wazi na kukana: hakufa, hakwenda mbinguni, alisema vile ili watu wamsikilize. Mchapishaji alikiondoa kitabu sokoni. Magazeti yalicheka. Hakuna aliyehesabu nyumba ambamo kitabu hicho kilikuwa kimewekwa karibu na picha ya mtoto mwingine, aliyekufa kweli, na wazazi waliokuwa wameshika maneno ya mtoto wa watu kama habari za mtoto wao. Kwa hao kukana kule kulikuwa msiba wa pili, na hawakuwa na mtu wa kwenda kumlilia.

Carol Zaleski, katika kitabu chake cha mwaka 1987, Otherworld Journeys, alilinganisha masimulizi ya Wamarekani hawa na yale ya Ulaya ya zamani za kati, akaonyesha kwamba kila kizazi husimulia safari hiyo kwa picha zake. Katika zama zile msafiri alionyeshwa mizani, daraja jembamba na moto. Katika zama hizi moto umezimwa karibu wote, na hukumu imekuwa somo la upole. Yeye huyaona masimulizi hayo kuwa kazi ya mawazo ya kidini, naye hasemi hivyo kwa kuyadharau. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuendeleza ulinganisho huo nyumbani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inamfikisha msomaji katika majumba ya Pate yaliyobomoka, kisha kaburini, kisha motoni. Haimpi mfiwa hata mto wa kulalia kichwa. Wala haikukusudia. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, kuuonya.

Karibu zaidi na jambo hili ni utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mama mgonjwa, aliyekufa miaka miwili hivi baadaye, anamwita bintiye aje na karatasi na wino. Yaliyo ndani ya utenzi, juu ya wajibu wa mke, yamekwisha kubishaniwa vya kutosha na hayahitajiki hapa. Kinachohitajika ni mkao wa wasemaji: anayekwenda anasema na anayebaki, kabla hajaenda, ana kwa ana. Na katika shairi la Shaaban Robert kwa mke wake Amina aliyefariki mkao umegeuzwa: anayebaki anasema na aliyekwenda, katika nafsi ya pili. Wanawake wa matanga hufanya hivyohivyo wanapolia: «Umeniachia nani?» Hawadai ushuhuda wa mtu aliyekwenda akarudi. Hawasemi nili-, wala hawasemi ali-. Wanasema ume-, na wanaendelea kusema ume- mpaka sauti inapokauka. Kile ambacho msomaji wa Moody anakitafuta kwa kuazima nafsi ya kwanza ya mgeni, fasihi hii hukiendea kwa njia ya nafsi ya pili. Hailipi swali lake jibu. Inamwacha tu aulize kwa sauti, mbele ya watu.

Ni haki kusema kwamba Moody mwenyewe alirudi kwa wale aliowaacha. Mwaka 2010 alichapisha Glimpses of Eternity, kitabu juu ya watu waliokuwa kando ya kitanda cha anayekufa, na ndani yake anasimulia kifo cha mama yake mzazi, yeye na ndugu zake wakiwa wamezunguka kitanda. Msomaji anaweza kuyashuku anayodai kwamba waliyaona chumbani humo. Lakini sauti imebadilika. Hapana tena mtafiti anayepanga vitu mezani. Yupo mwana anayesimulia «ilikuwaje». Miaka 35 ilipita kati ya vitabu hivyo viwili. Kile cha pili ni dhaifu kwa hoja, na hakikusomwa kwa wingi kama kile cha kwanza. Hata hivyo ndicho kilichopaswa kupewa mfiwa, kama lazima apewe kimojawapo, kwa kuwa humo anayesema amefiwa kama yeye.

Linabaki jambo la tafsiri, nalo ni la kazi ya bulletini kama hii. Mtu akiamua kuleta kitabu cha mwaka 1975 katika Kiswahili, atakutana mapema na mhojiwa anayesema kwa Kiingereza kwamba alikufa. «Nilikufa» ni sentensi isiyo na kosa lolote la sarufi, na katika mikutano ya maombi husikika. Lakini nje ya hapo hakuna anayeitumia, isipokuwa kwa mzaha au kwa njaa. Kiswahili kina kuzimia, kina kuzirai, kina kupoteza fahamu, na kina msemo ambao hakuna aliyeutunga kwa ajili ya Moody nao unamfaa kuliko yote: kuchungulia kaburi. Anayechungulia amesimama ukingoni, ameinama, ameona kitu au hakuona, kisha ameondoka kwa miguu yake. Hakuna anayesema kwamba marehemu alichungulia kaburi. Mfasiri akiandika «nilikufa», mama wa nyumba ile ataibadilisha kuwa «alikufa» na kuendelea kusoma pasipo kusimama, hata sura ya kurudi. Akiandika «nilichungulia kaburi», atafika kwenye sentensi hiyo, atajaribu kuibadilisha, na haitabadilika.